Kikombe cha Siki: Kutoka Minyiri ya Pweza Hadi Mifupa ya Tendaguru

Katika sayansi ya viumbe kuna neno moja, asetabulamu, ambalo mwanafunzi wa udaktari hulikuta katika somo la mifupa, mwanafunzi wa uvuvi hulikuta katika somo la pweza, na mtaalamu wa vimelea hulikuta anapomchunguza mnyoo wa kichocho kwa hadubini. Wote watatu wako katika darasa sahihi. Neno hilo ni la Kilatini, na kwa Warumi wa kale lilikuwa jina la chombo kidogo cha mezani, kikombe cha kutilia siki, ambacho pia kilitumika kama kipimo cha ujazo usiofika mililita 70. Mrumi Pliny, aliyeandika kwa mapana juu ya mambo ya maumbile na kufariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alikuwa tayari amelitumia neno hilo kwa vikombe vilivyo kwenye minyiri ya pweza, kwa shimo la nyonga linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, na hata kwa kikombe cha ua. Kwa hiyo fujo hii, kama ni fujo, ina umri wa takriban miaka elfu mbili.

Nimefundisha biolojia kwa muda mrefu katika shule za sekondari za mikoa hii miwili ya kusini, Lindi na Mtwara, na sehemu ya somo iliyonivutia mimi kuliko ilivyowahi kuwavutia wanafunzi wangu ni hii ya majina ya viungo vidogo vyenye umbo la kikombe. Ni vingi mno. Wagiriki na Warumi walikuwa na vyombo vya kila namna, vya kunywea, vya kuchotea na vya kupimia, na wanasayansi waliokuja baadaye walilimaliza kabati zima: asetabulamu, kotile, kiathosi, skifosi, kaliksi, kupula. Baada ya kuyazungukia majina haya nimefikia maoni ambayo ningependa kuyatetea hapa, kwamba jina linalotaja umbo peke yake, bila kudai kuijua kazi ya kiungo, huishi muda mrefu kuliko jina linalodai kuijua; lakini maisha hayo marefu yana gharama, kwa kuwa jina la namna hiyo huviweka pamoja vitu visivyo na undugu wowote, na msomaji hulazimika kuuliza upya, kila anapolikuta, kikombe hiki kinafanya nini hasa.

Nianze na pweza, ambaye hapa kwetu hahitaji kutambulishwa. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mwamba ukaonekana, wanawake wa vijiji vya pwani kama Msangamkuu na Msimbati hutembea juu ya mwamba wakiwa na fimbo na vyuma vyenye ncha, wakichungulia shimo moja baada ya jingine, na anayejua kazi hiyo hutambua mlango wa pweza kwa vipande vya kome na kaa vilivyotupwa nje. Pweza anayepatikana zaidi katika miamba ya pwani hii kitaalamu huitwa Octopus cyanea. Ana minyiri minane, na chini ya kila mnyiri kuna safu mbili za vikombe, vikubwa karibu na mdomo, vikipungua kadiri mnyiri unavyokwenda mpaka ncha yake ikabaki na vikombe vidogo kama vichwa vya pini.

Ukikikata kikombe kimoja katikati kwa kisu chenye makali utaona kwamba kwa kweli ni vyumba viwili. Cha nje ni kipana na kimebonyea kidogo, chenye mikunjo myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni. Hicho wataalamu hukiita infundibulamu, yaani faneli. Cha ndani, kinachoungana na cha nje kwa tundu dogo, ni mviringo na kina kuta nene za misuli. Hicho ndicho asetabulamu halisi. Kazi imegawanywa baina yao. Faneli hujilaza juu ya jiwe au gamba na kuziba kila mwanya, ikisaidiwa na ile mikunjo yake. Kisha misuli ya ukuta wa asetabulamu hujikaza kwa namna inayoufanya ukuta uwe mwembamba, na ukuta unapokuwa mwembamba chumba hutaka kupanuka. Maji yaliyofungiwa ndani hayakubali kutanuka, hivyo kanieneo yake hushuka ghafla, na kanieneo ya bahari iliyo nje hukigandamiza kikombe dhidi ya jiwe. Hewani nguvu ya namna hii ina kikomo, kwani hakuna kikombe kinachoweza kuvutwa kwa zaidi ya kanieneo ya hewa yenyewe, ambayo ni kama kilopaskali 101. Lakini ndani ya maji, kwa sababu chembe za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, kikombe cha pweza kinaweza kuupita mpaka huo. Ndiyo maana pweza aliye shimoni ni mgumu kumtoa kuliko yule aliyekwisha kutua kwenye beseni.

Wala si kushika tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba ngozi ya vikombe hivi ina vipokezi vinavyotambua kemikali zisizoyeyuka vizuri majini, kwa hiyo pweza huonja kile anachokigusa, na anapoingiza mnyiri ndani ya ufa asioweza kuuona ndani yake, kikombe humwambia kama amegusa kaa au jiwe. Sehemu kubwa ya chembe zake za neva, takriban theluthi mbili ya nusu bilioni, imo ndani ya minyiri, haimo kichwani. Bibi mmoja wa Msangamkuu, nilipomuuliza ni kwa nini mnyiri aliokwisha kuukata ulikuwa bado unang'ang'ania ukingo wa beseni lake, alinijibu bila kuinua macho, «Mwanangu, mkono wa pweza hausubiri kichwa.» Sijapata kuona maelezo mafupi zaidi ya mfumo huo wa neva, na nimeyatumia darasani tangu hapo.

Wagiriki waliwatangulia Warumi katika jina hili. Kwao kikombe kidogo kiliitwa kotile, na kikombe cha pweza kiliitwa kotiledoni. Mshairi wao Homer alimlinganisha shujaa aliyeng'ang'ania mwamba wakati wa dhoruba, hata ngozi ya mikono yake ikabaki juu ya jiwe, na pweza anayevutwa kutoka shimoni huku changarawe zikiwa zimeganda kwenye vikombe vyake. Mtu yeyote aliyewahi kumchomoa pweza atakubali kwamba mshairi yule, au aliyemsimulia, alikuwa amelitazama jambo hilo kwa karibu. Mshairi huyohuyo, akisimulia vita, anamtaja mpiganaji aliyepigwa jiwe la nyonga mahali ambapo paja huzunguka, na anaongeza kwamba watu hupaita mahali hapo kotile. Kwa hiyo pweza na nyonga walikwisha kuchangia jina kabla Roma haijawa na habari. Aristotle naye, karne nyingi kabla ya Pliny, alitambua kwamba kuna aina ya pweza yenye safu moja tu ya vikombe kwenye kila mnyiri badala ya mbili, na tofauti hiyo hutumika hadi leo katika kuwatenganisha pweza wa jamii mbalimbali. Ngisi ana vikombe pia, lakini vyake hukaa juu ya vikonyo vifupi na huwa na pete ngumu ukingoni, mara nyingi zenye meno, kwa hiyo mtu wa soko la samaki anayetaka kujua kama kipande kilichokatwakatwa ni cha pweza au cha ngisi hahitaji kuuliza.

Mfano wangu wa pili haupendezi mezani, lakini unaieleza hoja yangu kuliko mwingine wowote. Kichocho cha mkojo kinajulikana katika mikoa yetu, hasa kwa watoto wanaooga katika mabwawa na mito ya maji yanayokwenda polepole, ambamo huishi konokono wa jamii ya Bulinus. Mnyoo wake mkubwa hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na ana vikombe viwili: kimoja kinauzunguka mdomo, kingine kiko tumboni mbele kidogo. Hiki cha pili hakina tundu la kuingilia tumboni. Ni cha kushikia tu, ili mnyoo asisombwe na damu inayopita. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipomgundua mnyoo huyu Cairo mwaka 1851, alimweka katika jenasi iliyokuwa tayari na jina, akamwita Distomum haematobium, na Distomum maana yake ni mwenye midomo miwili. Jina lilidai kujua kazi, na lilidai kisichokuwapo. Mwaka 1858 mnyoo huyo alipewa jina la Schistosoma, yaani mwili uliopasuka, kwa sababu ya mfereji mrefu ulio mwilini mwa dume ambamo jike hukaa. Nalo ni jina la umbo, na ndilo lililobaki. Kikombe chenyewe cha tumboni kimeendelea kuitwa asetabulamu, jina lisilosema lolote kuhusu kula au kutokula, na kwa hiyo halikuhitaji kusahihishwa. Limezaa hata majina mengine: lava wa kichocho, yule anayepenya ngozi ya mtu aliye majini, ana tezi zinazotoa vimeng'enya vya kulainisha ngozi, na tezi hizo hupewa jina kwa kutazama kama ziko mbele au nyuma ya asetabulamu. Tegu naye ana vikombe vinne kichwani. Tegu wa nguruwe huwa na kulabu juu ya vikombe hivyo, wa ng'ombe hana, na inatosha kusema hivyo.

Sasa nyonga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linaweza kuthibitishwa jikoni siku yoyote ambayo kuna kitoweo cha maana. Asetabulamu ya mbuzi, kama ya binadamu, ni shimo la mviringo lenye sakafu. Hujengwa na mifupa mitatu inayokutana, wa juu wa nyonga, wa nyuma wa kukalia, na wa mbele wa kinena, na kwa mtoto mifupa hiyo hutenganishwa na gegedu lenye matawi matatu ambalo hugeuka mfupa katika miaka ya ujana. Ndani ya sakafu kuna kibonyeo ambamo hutoka kano fupi inayokifunga kichwa cha mfupa wa paja. Mchinjaji anayelitenga paja huikata kano hiyo, na mlio mdogo unaosikika wakati paja linapochomoka ni wa kiungo kinachopoteza mfyonzo wake. Kuku ni kitu kingine. Chukua mfupa wa nyonga wa kuku aliyechemshwa vizuri, utoe nyama yote, uinue kwenye mwanga: mahali pa kikombe pana tundu linalopenya hadi upande wa pili. Kikombe hakina kitako.

Tundu hilo lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imo katika mkoa wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini jembe, kamba na udongo wa kufungia mifupa vilikuwa mikononi mwa mamia ya watu wa huku, wakiongozwa na msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, na mizigo yote ilibebwa kichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Tani zaidi ya 200 ziliondoka. Miongoni mwake ni mifupa ya mnyama anayeitwa leo Giraffatitan, anayesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, na ambaye sisi tulio karibu na kaburi lake humwona zaidi katika picha.

Nyonga za wanyama wa Tendaguru zina tundu lilelile la kuku. Richard Owen, Mwingereza aliyeunda neno dinosaria mwaka 1842, alitia mkazo katika uti wa kiunoni na katika miguu iliyosimama wima chini ya mwili, na wataalamu waliofuata wameichukua asetabulamu iliyotoboka kuwa mojawapo ya alama kuu za kundi zima, isipokuwa jamii chache ambazo tundu lao liliziba tena baadaye. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni ya kimakanika. Mjusi na mamba, ambao mapaja yao yametanuka kwenda pembeni, husukuma kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe, kwa hiyo sakafu imara inahitajika. Mnyama ambaye paja lake husimama wima chini ya kiwiliwili hupitisha uzito wake kwenye ukingo wa juu wa kikombe, na sakafu inabaki bila mzigo. Mahali pasipo na mzigo mfupa una desturi ya kupungua. Wakati wa uhai tundu lilizibwa na utando laini. Ndege walilirithi umbo hilo kutoka kwa dinosaria waliowazaa, na kuku wa kienyeji anayepita uani kwako analo. Inafaa kuona jinsi jina linavyojitwika mzigo hapa: kikombe kisicho na sakafu, ambacho hakiwezi kushika siki wala kitu kingine, kinaendelea kuitwa kikombe cha siki, na hakuna aliyelalamika kwa sababu kila mtu anajua mahali gani panazungumzwa.

Kotile ilikwenda mbali zaidi, nami nadhani ilikwenda mbali kupita kiasi. Katika kondo la nyuma la mbuzi na kondoo kuna vifundo vingi ambapo damu ya mama na ya mtoto hukaribiana, na upande wa mama kila kifundo kimebonyea kama kisahani. Hapo jina la kotiledoni lina haki yake. Kwa ng'ombe vifundo hivyo vimetuna badala ya kubonyea, na jina limebaki. Kwa binadamu ni vipande bapa tu vya kondo, ambavyo mkunga huvichunguza baada ya kujifungua ili ahakikishe hakuna kilichobaki ndani, na bado vinaitwa kotiledoni. Kutoka kwenye kondo, ambalo humlisha mtoto, jina lilihamishiwa kwenye mbegu, ambamo majani ya kwanza huulisha mche, na tangu wakati wa Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya mimea na wanyama, limekuwa jina la kawaida la majani hayo. Hivyo sifa iliyosafiri ni kazi ya kulisha, na umbo liliachwa njiani.

Ajabu ni kwamba katika zao letu kuu umbo lilirudi kwa bahati. Korosho tunayoikaanga na kuiuza ni kotiledoni mbili zilizolaliana, na uso wa ndani wa kila moja umebonyea, hivi kwamba katikati yake kuna uwazi mdogo. Uwazi huo na mpaka huo baina ya nusu mbili ndivyo vinavyowatesa wabanguaji, kwani pigo likienda kombo korosho hupasuka hapo, na nusu haina bei ya nzima. Daraja linalojulikana sana katika biashara, W320, huhesabu korosho nzima zisizozidi 320 katika ratili moja. Ukiipanda badala ya kuibangua, nusu hizo mbili huinuliwa juu ya udongo, hugeuka kijani, na kuulisha mkorosho mchanga mpaka majani ya kweli yatoke.

Kwa mimea, hata hivyo, kikombe kinachostahili kusifiwa kuliko vyote ni kile cha jamii ya mnyaa. Kiathosi kwa Wagiriki kilikuwa chombo chenye mkono mrefu cha kuchotea divai kutoka katika mtungi mkubwa. Kwa kifupi, kilifanya kazi ya kata yetu ya kifuu. Kutoka humo wataalamu wa mimea walipata siathiamu, jina la kikombe kidogo cha kijani kinachoonekana kwenye mnyaa wa ua, kwenye mziwaziwa unaoota kando ya njia, na kwenye ule mmea wa miiba wenye rangi nyekundu, asili yake Madagaska, unaopandwa mbele ya nyumba nyingi mjini Mtwara. Mtu anayekitazama kwa macho ataona ua: kuna kikombe, kuna nyuzi zenye chavua, yaani stameni, zikitokeza, kuna kifuko cha mbegu katikati kikining'inia kwenye kikonyo chake. Linnaeus aliona hivyo pia. Mwaka 1753 aliiweka jenasi ya Euphorbia, yaani mnyaa na nduguze hao, miongoni mwa mimea yenye stameni kama kumi na mbili katika ua moja.

Kuna kasoro ndogo iliyoonekana kwa waliotazama kwa makini zaidi. Kila stameni katika kikombe hicho ina kiungo katikati ya uzi wake, kama mahali ambapo vitu viwili vimeunganishwa. Uzi wa stameni ya kawaida hauna kiungo, lakini kikonyo cha ua huwa nacho mahali kinapokutana na ua. Mwaka 1814 Mskoti Robert Brown alitoa maelezo ambayo yamekubalika: kilicho chini ya kiungo ni kikonyo, kilicho juu ni ua dume zima lililopunguzwa likabaki stameni moja, na kifuko cha katikati ni ua jike peke yake. Kwa hiyo siathiamu si ua. Ni shada la maua mengi lililobanwa ndani ya kikombe kilichoundwa na vijani vilivyoungana, na tezi zinazotoa nekta ukingoni mwa kikombe hufanya kazi ya kumwita mdudu ambayo maua yenyewe, yakiwa hayana petali, yasingeiweza. Muhogo ni ndugu wa karibu wa mnyaa, una utomvu, lakini maua yake yako wazi, dume mbali na jike, na wala hayana kikombe hicho. Hapa tena nafurahia neno la umbo. Aliyeandika «ua la mnyaa» alihitaji kusahihishwa. Anayesema siathiamu hajasema kama ni ua au shada, na anaweza kuendelea na kazi yake. Neno hilohilo la kiathosi limepewa pia uyoga mdogo unaoota juu ya vijiti vilivyooza, Cyathus, ambao hutumia kikombe chake kupokea tone la mvua ili tone hilo likirushe nje kifurushi cha viini vyake. Na limepewa mikangaga mirefu kama miti inayoota katika milima yenye unyevu kama Usambara. Skifosi, kikombe kingine cha divai, kiliwaendea konyeza, na sina la kuongeza.

Kaliksi ni majina mawili yaliyogongana. Kigiriki kilikuwa na neno la ganda linalolifunika chipukizi la ua, Kilatini kilikuwa na neno la kikombe cha kunywea, na kwa kuwa yalisikika karibu sawa, waandishi wa karne zilizofuata waliyachanganya mpaka haiwezekani tena kuyatenganisha. Leo kaliksi ni jumla ya sepali za ua, yaani vijani vya nje vinavyolifunika likiwa changa, ni vikombe 7 hadi 13 hivi vinavyopokea mkojo ndani ya kila figo, na ni shimo ambamo kila mdudu wa matumbawe hukaa. Katika mikoko yetu mlilana unaonyesha kaliksi iliyo kikombe kweli: nene, ngumu kama ngozi, huficha nekta usiku mmoja ambao ua hufunguka na popo wakaja, na asubuhi, stameni nyeupe zinapokuwa zimeanguka majini, kikombe hubaki na kulishika tunda kwa majuma mengi baadaye.

Kwa upande wa matumbawe, mahali pa kujifunzia si baharini bali Kilwa Kisiwani, ambako mawe yamekaa kimya na hayahitaji miwani ya kuzamia. Mafundi wa Kilwa walijenga kuta kwa mawe ya matumbawe ya zamani yaliyochimbwa nchi kavu, lakini kwa mihrabu, nguzo na nakshi walichagua Porites, tumbawe linalochukuliwa likiwa bado hai majini, laini kiasi cha kuchongeka, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Ukiukaribia uso wake ukiwa na kioo cha kukuzia utaona kaliksi zilizobanana pasipo nafasi, kila moja na upana wa milimita 1 hadi 2, na ndani ya kila moja kuta ndogo kumi na mbili zinazoelekea katikati. Namna kuta hizo zinavyoungana ndiyo inayotumiwa kutofautisha spishi za Porites. Juu ya kichwa cha mtazamaji, katika msikiti mdogo wa kuba, mafundi hao waliweka mabakuli yenye kung'aa ndani ya dari, na mengine yameacha mashimo yao tu.

Kuba inanileta kwenye kikombe cha mwisho, ambacho kimepinduliwa. Kupula kwa Kilatini ni kipipa kidogo, na neno hilo limetumika kwa kuba za majengo, kwa kikombe kinachoishika mbegu ya mwaloni, na kwa kitu kimoja kilicho ndani ya sikio la kila mmoja wetu. Katika mirija mitatu iliyopinda ya sikio la ndani kuna ute, na katika uvimbe wa kila mrija kuna kupula, kofia laini kama jeli iliyokaa juu ya vinyweleo vya chembe za hisia na kuuziba mrija. Kichwa kikizungushwa, ute hubaki nyuma, huisukuma kupula, vinyweleo hupinda, na ubongo hupata habari ya mzunguko. Mpango huu hutegemea jambo moja, kwamba kupula iwe na uzito uleule wa ute unaoizunguka, ili isielee wala isizame. Kikombe hiki kinatakiwa kuhisi mzunguko peke yake, na kuhisi upande wa chini ni kazi ya viungo vingine vya sikio.

Pombe huuharibu mpango huo, na wakati wa msimu wa mabibo mifano haikosekani. Uraka unapoingia katika damu, pombe huifikia kupula kabla ya kuenea katika ute, kwa sababu kupula iko karibu na mishipa ya damu. Na kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji, kupula huwa nyepesi na kuanza kuelea. Mtu aliyelala chali au ubavu huona kitanda kinazunguka ingawa hajasogeza kichwa. Baada ya saa kadhaa ute nao hupata pombe, uzito hulingana, na kizunguzungu hutulia hata mlevi akadhani amepona. Kisha pombe huanza kuondoka, na huondoka kwenye kupula kwanza. Sasa kupula ndiyo nzito na ute ndio mwepesi, na chumba kinazunguka tena, safari hii kwa upande wa pili, alfajiri, wakati ulevi wenyewe umekwisha.